Shemeji Alitaka Mstari Bila Vidoti

Mshauri mpendwa, shikamoo. Nakuandikia nikiwa na hasira, na ukiona narukaruka kutoka jambo hili kwenda lile univumilie, maana nikisema nitulie nipange maneno hasira itapoa, nitaanza kumwonea mtu haya, na barua hii haitatumwa.

Mimi ni msichana, nafanya kazi kwenye kiwanda cha kutotolesha vifaranga, usifikirie kiwanda kikubwa chenye geti la umeme, ni chetu hiki chenye mashine chache za kutotoleshea, stoo ya mayai, chumba cha kuchagulia vifaranga na ofisi moja yenye dirisha lisilofunga vizuri, na meneja wake ni shemeji yangu, mume wa dada yangu, ambaye naishi kwake, nakula kwake na mashati yake nayapiga pasi mimi kila Jumapili, kwa hiyo ukifika mbele ukajiuliza mbona huyu binti hakufungua mdomo, jibu nimeshakupa. Kazi yangu ni kuingiza takwimu kwenye kompyuta, joto la mashine, mayai yaliyoingia, vifaranga waliotoka, mayai yalikaa stoo muda gani kabla ya kuingia mashineni, na nani alikuwa mwangalizi.

Mwanzoni mwa mwaka shemeji alirudi kutoka semina amepamba moto, anasema siku hizi hakuna biashara ya kukisia, kila kitu ni data, na kwa kuwa mimi ndiye ninayekaa na kompyuta basi mimi ndiye nijifunze ile programu ya takwimu ambayo unaiandikia amri kwa maneno na yenyewe inakuchorea grafu. Mwalimu sikupewa. Nilijifunza kwa video za kwenye simu, nazisimamisha kila baada ya sentensi, nanakili amri, najaribu, na ukisahau mkato mmoja tu ile programu inakujibu kwa maandishi mekundu kama vile umeitukania mama yake. Nilikomaa nayo hivyohivyo. Siku vidoti vyangu vya kwanza vilipotokea kwenye skrini sikumwita shemeji, nilikwenda kumwita Mama Joto.

Mama Joto ndiye mwangalizi mkongwe wa mashine, jina hilo tumempa sisi kwa sababu anaingia chumba cha mashine, anasimama kidogo, na kabla hajasoma kipimo anakwambia leo mmeacha mlango wazi. Ni mtu mzima wa kunizaa. Nilipoanza kazi yeye ndiye aliyenifundisha kulishika yai mbele ya taa na kuona kama ndani kuna uhai, na hakunicheka nilipovunja. Nikamweleza picha yangu, huku chini ni joto, huku pembeni ni vifaranga wangapi wametoka katika kila mayai mia, na kila kidoti ni mkupuo mmoja wa mayai kuanzia kuingia mashineni hadi kutotolewa. Akatikisa kichwa akasema, kumbe yale yote tuliyohangaika nayo yako hapa.

Baadaye nikajifunza ile hesabu inayotafuta mstari mmoja ulionyooka unaopita karibu na vidoti vyote kuliko mstari mwingine wowote, wenyewe wanaiita rigresheni, na nilipoiandika sawasawa mstari ukatokea, unapanda kutoka kushoto kwenda kulia, maana yake pale mashine ilipokuwa na ubaridi kidogo vifaranga walikuwa wachache, na ilipopata joto kidogo zaidi wakawa wengi. Sikufichi, machozi yalinitoka. Hakuna mtu katika familia yetu aliyewahi kuifanya kompyuta imjibu.

Shemeji akaja, akasimama nyuma ya kiti changu, akaangalia, unajua alisema nini? Alisema hivi vidoti vinaonekana kama vinyesi vya nzi, toa, mwenye kiwanda anataka kuona mstari, na huku kulia panua, picha imebanana. Basi nikaviondoa, kuna herufi moja tu ukiiweka kwenye amri vidoti havichorwi, na mhimili wa chini nikaupeleka hadi nyuzi arobaini ili picha ipumue, na ule mstari, kwa vile amri yake inauchora kutoka ukingo hadi ukingo, ukajinyoosha wenyewe hadi kona ya juu. Shemeji akaichapisha kubwa, akaipiga plastiki, akaitundika kwenye mlango wa chumba cha mashine, na kila mgeni aliyekuja aliletwa pale kuonyeshwa, na si mara moja si mbili nimemsikia akisema "grafu yangu".

Sasa sikiliza. Mashine zetu tulikuwa tunaziendesha kati ya nyuzi thelathini na sita na nusu na thelathini na saba na nusu, hatukuwahi kuvuka hapo. Asubuhi moja, mimi nikiwa kwenye meza yangu ya ofisini mkabala na mlango ule, shemeji anasimama pale, anaweka kidole kwenye mstari, anakipandisha kidole taratibu hadi juu kabisa, anageuka anatuambia kwamba tumekuwa tunajinyima wenyewe, vifaranga wote hawa walikuwa wanatusubiri huku juu na sisi tumekaa chini tunaogopa. Akamwagiza Mama Joto aipandishe ile mashine kubwa hadi thelathini na tisa na nusu. Mama Joto akamwambia, kwa heshima zake zote, "Bwana meneja, hapo tutayapika." Shemeji akagonga ile plastiki kwa ukucha. "Grafu haibishani na mtu, mama," akasema. Mama Joto akanitazama mimi. Mimi nikatazama kibodi. Akaenda akapandisha joto.

Mshauri, siku ya kutotoa ukifungua mlango wa mashine unapokelewa na kelele za vifaranga hata humsikii mwenzako anayekuongelesha sikioni. Safari hii tulifungua tukasikia feni. Mama Joto alivuta trei ya kwanza, akavuta ya pili, akaendelea kuvuta moja moja hadi ya mwisho ingawa kila mtu alishaona, akayachukua mayai machache akayaweka sikioni, kisha akavua glavu akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa.

Kesho yake tulikuta grafu haipo mlangoni, imebaki gundi tu. Na keshokutwa habari zikawa zimezagaa kiwanda kizima kwamba Mama Joto alisinzia zamu, mashine ikazidi joto, na mwenye kiwanda atakuja kwenye kikao kuamua kama mama huyu aendelee na kazi au aende nyumbani. Ndiyo, umenisikia. Mtu aliyeonya ndiye aliyesinzia. Mtu anayelea wajukuu kwa kazi hii, ambaye ungemwambia akalale nyumbani asingelala kwa kufikiria mashine.

Haikuishia hapo. Shemeji akaniita nyumbani, wala si ofisini, sebuleni, dada akiwa amekaa palepale, akanipa kazi ya grafu mpya. Safari hii huku chini anataka waangalizi, kila mmoja na jina lake, huku pembeni vifaranga waliotoka, vidoti vya Mama Joto viwe vyekundu na vya wenzake vya bluu, na joto lisionekane popote. Leo vidoti si vinyesi vya nzi tena, leo anavitaka, tena kwa rangi.

Na kinachonikata maini, mshauri, ni kwamba picha imetoka vizuri. Vidoti vya Mama Joto kweli viko chini ya vya wenzake, na si mkupuo huu tu, karibu mwaka mzima, na sikutunga hata kimoja, ingawa mwenyewe najua yeye ndiye anayepewa yale mayai yaliyolala stoo muda mrefu, shemeji ndiye aliyepanga hivyo, eti wengine hawana subira nayo, lakini hayo hayakuombwa na grafu haiwezi kubeba kila kitu. Nilipomwambia dada kwamba moyo wangu hautaki, yeye alikuwa anakunja nguo za mtoto, maana yuko karibu kujifungua, na hakuacha kukunja. Akaniambia, "Wewe umeombwa kuchora, hukuombwa kuhukumu. Unataka mtoto huyu azaliwe baba yake hana kazi?" Nikaenda kupiga pasi.

Jana ndipo niliposhindwa kabisa. Nilikuwa ofisini naihangaikia hiyo picha, Mama Joto akaingia kuchaji simu yake kama anavyofanya siku zote. Sikuwahi kuifunga. Akainama, akavaa miwani, akaitazama skrini kwa muda, akatabasamu, mara ya kwanza tangu siku ile. "Umeendelea, mwanangu," akaniambia. "Hivi vyekundu vinapendeza. Ni vya nani?"

Nikamwambia ni vya kujaribia tu. Akaniambia nisikae na njaa kwa sababu ya kompyuta, akachomeka simu, akatoka.

Sasa naomba uniambie wewe, maana mimi kichwa changu kimefika mwisho. Nikichora picha ambayo kila kidoti chake ni cha kweli, kosa langu mimi ni lipi? Na nisipoichora nitalala wapi? Shangazi yangu alishaniambia mlango wake uko wazi, lakini ana chumba kimoja na sebule na sitaki kuwa mzigo. Na kama unafahamiana na mtu yeyote anayeijua hii programu naomba uniulizie, yale majina ya waangalizi kwenye mhimili wa chini yanapandana, nimejaribu kupunguza herufi bado yanapandana, na shemeji analalamika kwamba picha haisomeki.

Ni mimi, Mwanafunzi wa Vidoti.

*

Mwanafunzi wa Vidoti, marahaba. Naanza na ombi lako la mwisho kwa sababu ndilo lililonifanya niiweke chai mezani. Majina yanapandana. Binti, unamchorea mtu picha ya kumfukuzisha kazi, na unachohangaikia ni isomeke vizuri?

Pole, lakini. Ninaposema pole nina maana hiyo. Kujifunza kitu kigumu kwenye simu, peke yako, sentensi kwa sentensi, halafu kikachukuliwa na mtu aliyekuwa amesimama nyuma ya kiti na kuitwa "grafu yangu", hilo lingemkasirisha yeyote, na machozi yako ya mstari wa kwanza nimeyaelewa kuliko unavyodhani. Kabla ya kukaa kwenye ukurasa huu nilifundisha hesabu, na niliwaona wengi waliozimwa na mtu mmoja mwenye sauti nene. Kwa hiyo hasira yako ninaipokea, na ya kwangu naiongezea juu yake. Ila sitaki uende nayo kwa shemeji peke yake. Nyingine ni yako.

Rudia barua yako pale ulipofika kwenye vidoti. Mashati umenieleza, dirisha lisilofunga umenieleza, mkato uliosahaulika umenieleza hadi nikacheka. Halafu ukaandika "Basi nikaviondoa", ukapita mbio. Hapo ndipo nilipokusimamisha mimi. Vidoti ndivyo mlivyoviona kwa macho yenu. Mstari ni makisio yenu juu ya mlivyoviona. Wewe ulifuta mlichokiona ukabakiza mlichokisia, kisha ukakiacha kinyooke hadi mahali ambapo hakuna yai lenu lililowahi kukaa. Vile vidoti vingekuwepo, hata mgeni asiyejua kusoma grafu angeuliza mbona huku kulia hakuna kitu. Na Mama Joto angekuwa na cha kukionyesha kwa kidole.

Mstari haujui kwamba yai likizidi joto linaiva. Haujui hata yai ni nini. Unajua kunyooka, basi, na ukiuachia nafasi utanyooka hadi ukutani. Kuujulisha mahali pa kuishia ni kazi ya mchoraji, na mchoraji ni wewe. Hukujua, nakubali, video haikukufundisha hilo. Lakini Mama Joto alipokutazama kutoka mlangoni ulikuwa umeshajua kitu fulani, kwa sababu ulitazama kibodi.

Sasa shemeji yako. Ameambiwa na mtu wa kazi hiyo, ana kwa ana, mbele ya mashahidi, kwamba hapo tutayapika, naye akagonga plastiki. Baada ya hapo akabandua ushahidi mlangoni na kuanza kueneza habari za usingizi. Huyo usimwite mtu wa data hata siku moja, huyo ni mtu wa semina. Mtu wa data angeiacha grafu pale mlangoni na kuuongeza mkupuo ulioharibika juu yake ili kila mtu aone ulipoangukia. Na uangalie ujanja wake wa pili, kwamba joto lisionekane. Mtu anayetaka kujua mayai yaliharibikaje hawezi kuanza kwa kuficha joto. Haiwezekani. Hilo peke yake lilitosha kukufanya uondoe mkono kwenye kibodi.

Unaniuliza, kila kidoti kikiwa cha kweli kosa lako ni lipi. Chukua watu, wapange foleni, pima urefu wa kila mmoja, andika vipimo vyote bila kudanganya hata kidogo, ila usiseme kwamba mmoja wao ulimsimamisha ndani ya shimo. Vipimo vyako vyote ni sahihi na umemdhulumu mtu. Shimo la Mama Joto ni yale mayai yaliyolala stoo, na aliyemsimamisha humo ni huyohuyo anayetaka apimwe urefu. Wewe unalijua hilo, unaliingiza kwenye kompyuta kwa vidole vyako kila siku, na bado umeniandikia katikati ya sentensi ndefu, kama mtu anayekatiza uchochoroni asionekane, kisha ukaongeza kwamba grafu haiwezi kubeba kila kitu. Inaweza kubeba hilo. Ulichokosa ni moyo, wala si nafasi.

Kaa kwenye kompyuta ufanye ninavyokwambia.

Fungua picha yako ya kwanza, ile ya joto, ufute ile herufi inayoficha vidoti. Virudi vyote. Uongeze mkupuo ulioharibika, kwenye joto lake halisi la thelathini na tisa na nusu, na utakiona kidoti hicho kimesimama peke yake mbali kulia, chini kabisa. Mstari wako wa zamani uuchore juu ya vile vidoti vya zamani tu, uanzie vilipoanzia, uishie vilipoishia, na ukigusa thelathini na saba na nusu uinue kalamu. Usiiulize hesabu ikutafutie mstari mmoja ulionyooka wa kupita hadi kwenye kile kidoti cha pembeni, maana itakutafutia, haina aibu, na mstari huo utakuwa upuuzi. Joto la mayai linapanda hadi mahali fulani na baada ya hapo linaua. Mstari ulionyooka hauna umbo hilo. Picha hiyo mtu yeyote atakayeitazama hatauliza nani alisinzia, atauliza nani aliagiza joto lile. Na jibu lake mlilisikia wote mliokuwa mlangoni asubuhi ile.

Kisha chora ya pili. Huku chini weka muda ambao mayai yalikaa stoo kabla ya kuingia mashineni, huku pembeni vifaranga waliotoka, na rangi ziache zilezile, vyekundu vya Mama Joto na bluu vya wenzake. Mkupuo ulioungua usiuingize humo, una picha yake tayari, ila andika chini ya picha kwamba umeutoa na kwa sababu gani, ili asije mtu akakuambia umeficha. Nadhani vyekundu utavikuta vimejazana kulia, upande wa mayai ya zamani. Hapo sasa usikimbilie kufurahi. Tafuta vile vya bluu vichache vilivyoangukia mayai ya zamani, siku ambazo Mama Joto hakuwepo, na uvilinganishe na vyekundu vya mayai ya umri uleule. Halafu iambie hesabu ipime vyote viwili kwa pamoja, umri wa mayai na mwangalizi, ikutenganishie sehemu ya stoo na sehemu ya mtu. Amri yenyewe ni ileile unayoijua, unaongeza jina la pili baada ya alama ya kujumlisha.

Ikitokea kwamba hata hapo vyekundu viko chini, utasema viko chini. Sikutumi ukamtetee mama wa watu kwa uongo, uongo umeshatosha kiwandani kwenu. Ninakutuma ukalinganishe mayai ya zamani na mayai ya zamani. Ile grafu ya majina yanayopandana iache yapandane, huna haja nayo.

Nyumbani, usimvizie shemeji. Mwambie kabla ya kikao, sebuleni, pale alipokupa kazi, dada akiwa amekaa. Mwambie umechora na yaliyokosekana, na kwamba ukiitwa kikaoni utaonyesha zote, na utaanza kwa kusema aliyeficha vidoti na kuunyoosha mstari ni wewe. Hilo la mwisho usiliruke. Ukiliruka atakurushia yeye, na atakuwa na haki. Ukishalisema mwenyewe, hana tena cha kukushikia, na itabaki amri yake ya mlangoni mbele ya watu waliomsikia.

Dada yako amekuuma kwa jino lenye uchungu na ninamhurumia, mtu aliye katika hali yake anaona kila kitu kinataka kumwangusha. Lakini alikosea. Anasema hukuombwa kuhukumu. Picha ile ni hukumu tayari, wewe umeombwa uipake rangi. Mwambie kwa upole kwamba mtoto wake anahitaji baba mwenye kazi, na wale wajukuu wanahitaji bibi mwenye kazi, na kwamba hawa wawili hawakukosana mpaka mumewe alipowakosanisha. Asipokuelewa leo, mwache. Kamsaidie akijifungua, akiwa bado hakuelewi.

Ukiambiwa uhame, hama. Shangazi mwenye chumba kimoja na sebule aliyekwambia mlango uko wazi alikuwa anaijua sebule yake alipokwambia. Chukua nguo zako, mashati yaache kwenye kamba. Atayapiga pasi mwenyewe, joto la pasi analiweza.

Na kuna jambo moja la kufanya kabla ya hayo yote, kabla ya sebule, kabla ya kikao. Siku Mama Joto atakapoingia tena kuchaji simu, simama, mpishe kiti chako. Mfungulie picha zote, ukianza na ile mbaya, ya majina. Mwache avae miwani, mwache atazame kwa muda anaoutaka, na wewe usitazame kibodi. Atakuuliza tena vile vyekundu ni vya nani. Mwambie.